Jina la Shangazi Nyabwire

Jana jioni, mwanangu, ulipokwenda kuoga, nilikaa mezani kwako nikasoma pendekezo la tasnifu yako. Usikasirike. Mtu akiacha karatasi karibu na sahani ya mama yake anataka zisomwe. Nimeona unakwenda Nansio, kisiwani kwetu, kuwauliza wanawake wanaokausha samaki kwa moshi habari za vifua vyao, na za kuni zinazokatwa, na za mila zinazowaweka pale motoni. Nimeziona na fomu za ridhaa ulizozipanga vizuri. Basi ikanirudia siku moja ya ujana wangu, pale pale Nansio, na usingizi ukanipotea. Acha nikueleze leo, maana sijawahi kukueleza yote, na wiki ijayo unapanda meli.

Nilikuwa na shangazi, dada mkubwa wa baba yangu, akiitwa Nyabwire. Aliolewa, hakupata mtoto, mumewe akamrudisha kwao kama mtu anavyorudisha sufuria iliyotoboka. Baba akampa chumba. Kazi akajitafutia mwenyewe, ya kukausha sangara ufukweni, na hiyo ndiyo iliyomlisha mpaka mwisho wake. Likizo zangu zote za shule nilikaa naye. Nilirudi darasani nywele zikinuka moshi, wenzangu wakaniita Samaki, wala sikujali, kwa sababu hakuna aliyenipenda kama yule mama.

Alikuwa mtu wa utani. Alimtania kila mtu, hata padri. Ila jambo moja hakulitania. Katika ukoo wetu, mtoto akizaliwa hupewa jina la marehemu aliyeacha uzao. Aliyekufa bila mtoto, jina lake linaogopwa. Wanasema litamfunga kizazi atakayepewa. Kwa hiyo shangazi alijua kwamba siku akizikwa, jina Nyabwire litazikwa naye. Alilisema hilo mara moja tu mbele yangu, akigeuza samaki, halafu akasema moshi umemwingia machoni.

Nilipokwenda kusoma shahada ya uzamili, nikachagua habari za moshi ule. Nani angeujua kuliko mimi? Nikarudi Nansio na dodoso langu na redio ya kaseti, na wanawake wote wakanikataa. Walisema nimetumwa na serikali kuja kuwafungia majiko kwa sababu ya miti. Shangazi ndiye aliyeniokoa. Alikaa mbele yao akasema yeye ataanza. Nikamsomea fomu kwa Kijita, mstari kwa mstari, nikafika pale panaposema kwamba jina la mshiriki halitaandikwa popote. Akacheka, akasema hayo ni ya hao wengine, yeye ni wangu. Nikadhani ni utani wake wa kila siku, nami nikacheka. Akaweka dole gumba.

Alizungumza mpaka jua likazama. Alinieleza habari za kifua kinachowaka alfajiri, na macho yanayotoa machozi hata akiwa hana huzuni, na kwa nini wengi wa wanaokaa pale motoni ni wajane na walioachwa. Akanieleza na mambo ya ndoa yake ambayo hata baba yangu hakuyajua. Baada yake wote wakaja kuhojiwa. Bila yeye ningerudi chuoni na karatasi tupu.

Kitabu cha tasnifu yangu kilipokwisha kufungwa, chenye jalada jeusi na maandishi ya dhahabu, nikapanda meli kumpelekea. Nikamkuta amekonda sana. Madaktari walikuwa wamekwisha kumwambia kwamba mapafu yake hayatapona. Hata hivyo alikuwa amevaa khanga mpya, na wanawake wenzake wamejaa mkekani, kwa sababu alikuwa amewatangazia wote kwamba ameandikwa kitabuni. Nikamwamkia, akaitikia, akapokea kitabu akakipakata.

"Niwekee kidole palipo jina langu," akasema.

Shangazi hakujua kusoma, mwanangu. Ningeweza kukiweka kidole chake popote, naye angefurahi, na wengi wa wale waliokaa mkekani wasingejua. Wazo hilo lilinijia, sikufichi. Lakini kumdanganya yule mama sikuweza. Nikafungua ukurasa, nikakiweka kidole chake kwenye maneno "mshiriki wa kwanza", nikamwambia huyo ndiye yeye, ila jina lenyewe haliruhusiwi. Akauliza yale maandishi makubwa ya juu ya jalada ni jina la nani. Nikamwambia ni langu. Akauliza na la ndani, ukurasa wa mwanzo. Nikamwambia ni la mwalimu aliyenisimamia.

"Naye alikohoa?"

Wanawake wakacheka. Yeye hakucheka. Akakifunga kitabu, akanirudishia kwa mikono miwili, kama unavyomrudishia mgeni kitu alichokisahau.

"Kikohozi changu kimo humu, mwanangu. Mimi simo."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angenigombeza. Aliagiza niletewe chai, akaniuliza kama ziwa lilichafuka njiani, na tangu hapo hakulitaja tena jambo lile. Niliinywa chai ile nikilia, na hakuna aliyeniuliza nalilia nini.

Niliporudi chuoni nikamweleza msimamizi wangu. Alikuwa mzee mpole, akanisikiliza mpaka mwisho. Aliniambia sheria ile iliwekwa kuwalinda watu kama shangazi, na ni kweli, mwanangu, usije ukaidharau. Wapo walioumizwa kwa kutajwa. Lakini akasema pia kwamba ningemwendea mapema, kabla ya kuandika, huenda kungekuwa na njia. Akakubali kuniombea ruhusa kwa wakuu wa chuo. Jibu likachukua muda, na lilipokuja lilikuwa zuri: niongeze ukurasa mmoja wa kumtaja kwa jina, mradi mwenyewe aridhie tena. Nililisoma jibu hilo nikiwa nimetoka kumzika. Nani sasa angeweka dole gumba?

Siku ya kumaliza msiba wazee waligawa vitu vyake. Vyungu vikapata mwenyewe, khanga zikapata wenyewe, hata wavu wa chuma wa kukaushia samaki uligombaniwa. Jina hakuna aliyeliulizia.

Mwaka uliofuata nikakuzaa wewe. Upande wa baba yako wakakubatiza Salome, nami nikasema utaitwa Nyabwire pia. Bibi yako, mama yangu mzazi, alilia, akaniuliza kwa nini ninamtupia mtoto mchanga utasa wa mtu mwingine. Sikurudi nyuma. Ila niliogopa, sikufichi. Kila ulipopata homa nilijiuliza kama nimekukosea. Na ulipokuwa shuleni ukasema ni jina la kizee, nilinyamaza, kwa sababu kukueleza kungekuwa kukubebesha kaburi ungali mdogo. Sasa umekua, unaweza kulibeba.

Basi sikiliza nasaha zangu. Ukifika Nansio, soma fomu yako yote, kwa lugha wanayootea ndoto. Ukimaliza, ikunje uiweke pembeni, umuulize mtu yule yeye anatamani nini kitoke katika kitabu chako. Usimkatishe. Mwingine atataka dawa, mwingine atataka asijulikane kabisa, na huyo mfiche kama unavyojificha wewe mwenyewe. Mwingine atataka atajwe. Huyo mpelekee msimamizi wako habari zake mapema, wino haujakauka. Wakikukatalia, rudi umwambie pale pale motoni, kabla hajakufungulia kifua, ili achague mwenyewe kusema au kunyamaza. Na mtu akicheka unapomsomea jambo zito, usicheke naye. Muulize anacheka nini. Mimi sikuuliza, na jibu lake nililipata akiwa amekonda.

La mwisho ndilo lililoninyima usingizi. Ukurasa wa kwanza wa pendekezo lako umeandika Salome N., kisha jina la baba yako. Herufi moja na nukta. Najua ndivyo mnavyoandika siku hizi, na najua hukukusudia ubaya. Lakini yule mama alisubiri kuingia kitabuni mpaka akazikwa. Tasnifu hii ni yako, na jina la mwandishi hakuna sheria inayolificha. Liandike lote, juu ya jalada, kwa maandishi makubwa, mahali ambapo hata asiyejua kusoma anaweza kuwekewa kidole. Kikishafungwa, twende wote kaburini kwake, mimi na wewe, ukamsomee kwa sauti.

Nenda salama, mwanangu. Ziwa likuvushe likiwa limetulia. Wanawake wa Nansio wakupe kigoda karibu nao, na Mungu akulindie kifua chako na vifua vyao. Akupe watoto, na watoto wako wakupe wajukuu, mpaka ukoo wetu uone aibu kwa hofu yake. Mungu akubariki, Salome Nyabwire.