Nilishuhudia kanisani kwamba woga umeisha, na haujaisha

Tukuyu, Jumapili mchana

Kwako Admin,

Naomba ufiche jina langu. Mimi ni mjane wa miaka arobaini na sita, nina watoto watatu. Nimeishia darasa la saba, mnisamehe nikikosea.

Mume wangu alikuwa mchuma chai. Akirudi aligonga mabuti kwenye ngazi, mara mbili, tope lidondoke, halafu anauliza, "Mama, ndizi zimeiva au bado zinasali?" Mwaka juzi alianguka shambani asubuhi. Nilikuwa namenya ndizi nikasikia hodi, nikajibu karibu. Walikuwa wenzake wawili, wamebeba kikapu chake.

Tangu siku ile mtu akipiga hodi kifua kinabana, mikono inapoa, nakosa pumzi. Najificha jikoni, watoto wanasema mama hayupo. Hospitali walinipima wakasema moyo ni mzima, ni wasiwasi. Nikaomba, nikafunga. Zikapita wiki mbili nzima sijabanwa. Mchungaji alipouliza nani ana ushuhuda, nikasimama kwa furaha, nikasema Bwana ameuondoa woga wote na hautarudi. Kanisa zima likapiga vigelegele.

Jumanne ukarudi.

Lakini mwenyekiti wetu wa akina mama alishaniweka kwenye kundi la kufariji wafiwa. Kwa hiyo sasa mimi ndiye napiga hodi kwenye nyumba za watu. Kule Masukulu nilibanwa nikatoka nje, nikasingizia tumbo. Mwenyekiti akasema, "Huyu wali wa msibani umemshinda nguvu!" Wakacheka, na mimi nikacheka. Nilipomwambia pembeni kwamba ni ule woga, akanishika mkono. "Dada, usikiri hivyo, unampa shetani nafasi. Na watu tutawaambia nini?" Simlaumu. Ndiye aliyelala na mimi kwenye mkeka siku zote za msiba wangu.

Kinachoniumiza ni binti mmoja wa Matwebe aliyefiwa na mumewe, ana mtoto mchanga. Tulipoenda kumfariji alinifuata kwenye migomba, mtoto mgongoni. "Mama, nilisikia ule ushuhuda wako. Uliombaje? Mimi naomba kila siku na bado natetemeka. Labda mimi Mungu hanitaki."

Nikamwambia, "Endelea kuomba, mwanangu." Nikaondoka. Sasa kila nikipiga magoti namwona yeye.

Sisemi Mungu hanisaidii. Nikibanwa nasema taratibu, "Bwana, kaa hapa na mimi," nairudia mpaka pumzi irudi. Na inarudi. Woga hajauondoa, ila hajaniacha nao peke yangu. Huo ndio ushuhuda wangu wa kweli, lakini sio nilioutoa.

Jumapili ijayo akina mama tuna ibada ya pamoja Kinyala, na nimepangwa kurudia ushuhuda ule ule. Binti yule atakuwepo. Nikisema ukweli nitaitwa mwongo wa madhabahuni, na mwenyekiti nitamwaibisha mbele ya wageni. Nikirudia yale ya mwanzo, binti atarudi Matwebe akiamini amekataliwa. Kukataa kwenda siwezi, jina langu limeshatangazwa.

Ndugu zangu, nisimame niseme lipi? Nishaurini kwa upole, nimechoka. Na mkiomba, mnikumbuke. Yule binti mumtaje kwanza.