Herufi Nilizoandika Ubavuni mwa Ndege

Ficheni jina langu, tafadhali. Nina miaka sabini na moja, mzaliwa wa Kibumba. Vita vimenihamisha mara nne. Sasa ninaishi pembezoni mwa mji, upande wa Lac Vert, katika chumba cha uani kwa mjane mmoja aliyenipokea bila maswali mengi. Nitamwita Mama Kavira.

Zamani nilikuwa mchoraji wa herufi kwenye uwanja wa ndege. Kila ndege ina herufi zake ubavuni, kama jina la ubatizo. Rubani mmoja mgeni alipoondoka aliniachia sanduku la ndege ndogo za plastiki, za kuunganisha kwa gundi na kupaka rangi. Tangu hapo ndiyo burudani yangu. Herufi zake huwa kwenye karatasi maalumu: unakata, unaloweka majini, unatelezesha kwa ncha ya brashi hadi mahali pake. Zikikauka na kupakwa vanishi, haziondoki bila kuharibu rangi.

Mume wa Mama Kavira alikuwa makaniki, fundi wa ndege. Alikufa, pamoja na wengine, ndani ya ndege ya mizigo iliyoanguka baada ya yeye mwenyewe kuikagua. Ndugu zake wanasema uzembe wake ndio uliowaua. Kwa sababu ya kukimbia huku na huku, matanga yake hayajawahi kuondolewa. Yataondolewa Jumamosi hii. Mjukuu wa kiume amezaliwa, na kwa desturi anapaswa kupewa jina la babu yake. Familia imekataa.

Mama Kavira aliniletea picha ya ndege ile. "Muzee, unitengenezee hii, tuiweke pembeni ya foto yake. Batu baone kazi yake. Na herufi uziandike vile vile ziko."

Shemeji yake mkubwa alikuwa mlangoni anakunywa chai. Akacheka. "Muzee, na hii yako iko na makaniki? Isituangukie mu sahani ya sombe!"

"Shemeji, ogopa Mungu."

"Mungu ananijua. Ule mutoto hatabeba jina ya muuaji. Tulishamaliza."

Mama Kavira aliinama akaokota kikombe cha shemeji. Mimi nilinyamaza, na hapo ndipo dhambi yangu ilipo.

Herufi za kwenye picha ile niliziandika mimi, na ni za uongo. Tajiri aliyeniajiri alikuwa na ndege mbili za aina moja. Moja ilikuwa nzima. Nyingine ilikuwa na ufa kwenye bawa, imekatazwa kuruka. Ile nzima ilipoteketea vitani, tajiri aliniagiza nifute herufi za ile mbovu, niandike za ile iliyoungua. Nilipiga msasa mpaka kingo za herufi za zamani zikapotea. Ufa ulikuwa umezibwa. Juu yake nikapaka rangi, mara mbili.

Wiki iliyofuata akaja makaniki mpya kutoka Butembo, akapewa daftari la matengenezo la ndege iliyoungua. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa, kisha akanigeukia: "Papa, hii ndeke iko muzima kabisa, ao?"

Nikamjibu, "Ndiyo, mwanangu."

Siku niliyofika kwa Mama Kavira na mabegi yangu, niliona foto ya mumewe ukutani. Nilimtambua mara moja: ni makaniki yule. Lakini nilihitaji mahali pa kulala.

Ndege ndogo imekamilika: nyeupe, yenye mstari wa buluu. Ubavu uko mtupu. Jana Mama Kavira aliuliza, "Muzee, sababu gani ubavu bado tupu?" Nikasema rangi haijakauka. Ilikauka siku tatu zilizopita.

Nimebakiwa na karatasi moja tu ya herufi. Nikibandika zile za uongo, nitakuwa nimemtia marehemu hatia tena kwa mkono uleule. Nikibandika za kweli, zile nilizozifuta, mashemeji wataona hazifanani na picha, wataniuliza mbele ya wageni wote, nami sitaweza kudanganya mara ya pili. Makaniki atasafishwa na mtoto atapata jina. Lakini tajiri yule yu hai, ana nyumba mtaa wa Himbi na watu wenye bunduki getini, na maneno hayo yatakuwa yametoka katika nyumba ya mjane, si yangu. Mimi nimezoea kukimbia. Yeye ana kichanga ndani.

Ninyi mnaosoma ukurasa huu, wenye wazazi na wenye watoto, nisaidieni mawazo kabla ya Jumamosi: nibandike herufi zipi?