Sikio la Editha

Albano alikuwa anasoma Biblia kwa kidole. Kidole cha shahada, chenye ukucha mweusi kwa vumbi la mpingo, kinatambaa chini ya mstari, kinasimama, kinarudi nyuma, kinaanza tena. Kusoma alijifunzia ukubwani, kwenye madarasa ya jioni ya elimu ya watu wazima, na alivyofundishwa ndivyo alivyoshika: unaanza mwanzo, huruki, na neno linasema linachosema. Mie namwangalia nikiwa jikoni kwangu uani, najisemea huyu mtu akifika mwisho wa kitabu hicho sie wote tutakuwa makaburini. Nilikuwa nacheka. Sasa sicheki tena.

Nyumba ni yangu, hapa Chang'ombe, aliniachia marehemu baba. Vyumba sita na korido katikati. Jina langu Tunu binti Mashaka, Mzaramo wa hapahapa, mtaa mzima unanijua kwa vitumbua na kwa mdomo. Albano na mkewe Sesilia walikuja kupanga mwaka themanini na nne, wametoka Newala, wakachukua chumba kinachopakana na changu. Wakatoliki, watu wataratibu, hata ugomvi wao ulikuwa wa kunong'ona. Kazi yake vinyago. Anakaa uani asubuhi hadi jioni, gogo kalibana kwa nyayo, tezo mkononi, ko, ko, ko, mpaka nikawa siwezi kulala mchana pasipo kusikia sauti ile. Akimaliza, anavipaka kiwi nyeusi ya viatu, anavipeleka Mwenge kwa wanaouzia wazungu.

Walikuwa na mtoto mmoja, Editha. Lilikuwa toto tundu, linakuja kuniibia vitumbua huku linanitazama usoni. Sikio lake moja lilijikunja kwa juu tangu kuzaliwa, nami nilikuwa nalivuta nikimwambia nitalipiga pasi. Mwaka themanini na tisa, akiwa na miaka sita, homa ilimpanda Jumanne, ikaja na degedege, Alhamisi tukazika.

Picha yake hawakuwa nayo. Krismasi iliyotangulia walimvalisha gauni wakampeleka studio, mpiga picha akawaambia filamu hakuna mjini, mje Pasaka. Pasaka ilipofika mtoto hayupo.

Sasa Albano hakulia kama wanavyolia watu. Matanga hayajaanuliwa, akachukua kipande cha mpingo ukubwa wa nazi, akageukia ukutani, akachonga siku kumi na moja. Kilipokwisha alikiweka mapajani kwa mkewe. Mie nilikuwepo. Alikuwa Editha, wallahi, na kijicheko chake cha mwizi wa vitumbua, na sikio lake limejikunja vilevile. Sesilia alikaa nacho sakafuni mpaka adhuhuri. Tangu siku hiyo kila Jumapili alikuwa anakuja kuniomba mafuta ya nazi, anakipaka taratibu, anakifuta kwa kanga, anakirudisha juu ya kabati. Ndicho alichobakiwa nacho. Mwaka tisini na moja Mungu akawapa mwingine, Adelina, lakini yule wa kabatini aliendelea kupakwa mafuta kila Jumapili.

Halafu ndiyo wakaja wahubiri wa turubai. Enzi za ruksa zile, mnazikumbuka, sabuni zimejaa madukani, mitumba imetandazwa kila kona, na kila kiwanja kikibaki wazi, wiki ijayo kina turubai na spika. La kwetu lilisimama nyuma ya maghala. Mhubiri wake aliitwa Gaudens, alikuwa karani wa shirika moja lililofungwa, mtu wa suti moja na sauti nzuri. Fundisho lake lilikuwa fupi: Neno ni kama lilivyoandikwa, usiongeze, usipunguze. Albano alisimama pale siku moja akitoka Mwenge, akasikia hilo, akarudi nyumbani anang'aa uso. Aliniambia, "Da Tunu, ndivyo nilivyofundishwa kusoma mimi." Wakahamia huko kusali, mume na mke.

Akaanza kitabu upya kutoka ukurasa wa kwanza. Akasoma kuumbwa kwa dunia, gharika, Misri, mistari michache kwa siku. Siku moja, naikumbuka kwa kuwa nilikuwa naloweka mchele wa vitumbua, tezo ilinyamaza. Nikageuka. Kidole kimesimama ukurasani hakiendi.

"Da Tunu, hebu njoo."

Akanisomea. Zilikuwa zile amri kumi, na aliyofikia ilikuwa inamkataza mtu kujichongea sanamu, au mfano wa kitu chochote kilichoko juu mbinguni au chini duniani.

"Si wanakataza kuviabudu?" nikamwambia. "Wewe unaabudu vinyago, au unauza?"

"Kuabudu ni mstari unaofuata. Huu wa kwanza unasema usichonge."

"Sasa na huo unaofuata si umo humohumo?"

"Umo. Na una maneno mengine." Kidole kikasogea. Akasoma kwamba Mungu ni mwenye wivu, watoto wanalipishwa maovu ya baba zao, mpaka wajukuu na vitukuu. Akafunga kitabu. "Editha alikuwa na kosa gani, da Tunu?"

"Mtoto wa miaka sita ana kosa gani? Hana."

"Basi la nani?"

Yeye alikuwa anamtazama Adelina, amelala mkekani na titi la mama yake mdomoni.

Kuanzia hapo hakushika tezo. Vinyago vyote vilivyokuwa uani, vilivyokwisha na visivyokwisha, akavikusanya pembeni, akasema vitachomwa moto. Nikamwambia una wazimu, utakula nini. Akanijibu kwa upole kwamba Adelina ana miezi kumi na minne na hataki kumzika. Utamjibu nini mtu kama huyo? Ningekuwa na hakika kama yake ningechoma na nyumba.

Kitu kimoja tu kilimshinda, na kwa hicho akaenda kwa mhubiri. Sesilia ndiye aliyenihadithia, alikuwa ameketi pembeni. Albano aliuliza, na kile cha mtoto? Gaudens akamuuliza, mtoto wako yuko wapi sasa? Albano akasema, mbinguni. Gaudens akasema, basi ni mfano wa kitu kilichoko juu mbinguni. Yakaisha hapo. Sidhani kama yule bwana alikuwa mbaya. Aliulizwa swali akatoa jibu lililoandikwa.

Jumamosi asubuhi Sesilia aligonga mlango wangu. Alikuwa amekumbatia kitu ndani ya kanga. Hakuketi.

"Da Tunu, nifichie. Leo wanachoma mchana. Nitamwambia nimekitupa chooni."

"Mama Editha, mpelekee ndugu yako."

"Kaka yangu yuko Lindi. Hapa mjini nina nani mie zaidi yako? Kiweke tu uvunguni, sitakuja hata kukitazama."

Nami nilikataa. Nasema wazi ili mtu asije akamlaumu Albano peke yake. Chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, tulifundishwa kwamba malaika hawaingii nyumba yenye sanamu, na chumba kile ndicho ninachoswalia. Nilimwambia hivyo, na sauti nikailegeza ili isimchome, kana kwamba sauti ndiyo yenye kosa. Miaka minane vinyago mia vilikuwa chini ya paa langu, ukuta mmoja tu kati yangu navyo, kodi napokea, nala, nalala. Malaika walikuwa wanapitia wapi miaka yote hiyo? Sikujiuliza. Siku ile moja ndiyo nikawa mcha Mungu.

Sesilia akasema, "Haya, da Tunu." Akarudi kwake na kanga yake.

Walichoma uani kwangu, saa nane mchana. Gaudens alikuja na waumini kama kumi, wakaimba. Vile vya biashara vilitangulia, na Albano mwenyewe ndiye aliyekuwa anatia kimoja kimoja, kama anayepanga mizigo. Cha mtoto alikishika mwisho. Sesilia alikuwa amesimama mlangoni na Adelina mgongoni, hakusogea, hakulia. Albano akapiga magoti, akakiweka juu ya makaa. Hakukitupa. Alikilaza, na uso ukatazama juu.

Mpingo ni mti mgumu, hauishi upesi motoni. Jumapili asubuhi, wenyewe wameshaondoka kwenda ibadani, nilitoka na ndoo ya maji kwenda kufua. Moto ulikuwa unafuka bado. Kile kichwa kilikuwa pale, upande mmoja umekwisha, upande wa pili shavu na jicho vingali vizima. Ndoo ninayo mkononi. Ningemwaga tu. Nikajisemea, dini ya watu niwaachie wenyewe, nikapita nikaenda kufua. Waliporudi kilikuwa kimeanguka ndani ya majivu.

Baada ya hapo Albano akawa kuli, anashusha magunia kwenye maghala, mgongo ukampinda akiwa bado kijana. Jumapili Sesilia haji kuomba mafuta. Tunasalimiana vizuri, tunasaidiana maji na mkaa, lakini ndani ya chumba changu hakuingia tena.

Na Albano aliendelea kusoma. Hilo ndilo linaloniuma. Wengine wanasoma wanapopapenda. Yeye hakuruka kitu. Ilikuja habari ya hema, mapazia yake, pete zake, mbao ngapi urefu ngapi, akazisoma zote kwa kidole. Akakutana na makerubi wa dhahabu ambao Mungu mwenyewe ameagiza watengenezwe. Hapo alihangaika siku mbili, kisha akaniambia, "Hao wamefuliwa kwa nyundo, da Tunu. Hawakuchongwa." Akaendelea.

Ilikuwa miezi saba baada ya moto ule. Alikuja jikoni kwangu mchana, kitabu kimefunguka, kidole kimebana mstari, uso hauna damu. "Soma wewe," akasema. "Macho yangu yananidanganya." Nikasoma. Mungu anamwambia Musa kwamba amemwita fundi mmoja kwa jina lake, amemjaza roho yake na akili na ujuzi, wa dhahabu, wa mawe, na wa kuchonga mbao.

"Inasema mbao?"

"Inasema mbao, Albano."

"Na roho aliyomjaza ni ya Mungu?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

Akaketi chini, kwenye unga wangu. "Ni sura kumi na moja," akasema. "Kutoka ile amri mpaka hapa ni sura kumi na moja tu." Hasira zilinipanda, nikataka kumwambia ulishindwa nini kufunua mbele ukaangalia, kitabu si chako? Lakini mie nami siku ile nilikuwa na ndoo mkononi.

Alikwenda kwa Gaudens na kidole chake kwenye mstari. Gaudens akamwambia pale pana maana ya rohoni, pasichukuliwe kama palivyoandikwa. Albano akarudi, akaweka kitabu juu ya kabati, pale alipokuwa anakaa Editha, na hakukishusha tena. Turubaini hakurudi. Kanisani kwao kwa zamani Sesilia alimsihi warudi, Albano akasema, "Nikamwambie nini?" Sijui alimkusudia padre au Mungu.

Kisha akatafuta kipande cha mpingo ukubwa wa nazi. Nikasikia tezo tena baada ya mwaka, ko, ko, na moyo wangu ukafurahi, mjinga mie. Safari hii hazikuwa siku kumi na moja. Ilikuwa miezi. Anachonga, anatazama, anasugua kwa msasa, anachonga tena, na kichwa kinazidi kuwa kidogo. Macho akayapata, au tuseme yalikuwa macho. Mdomo ukatoka. Pale penye masikio akaacha mavimbe mawili, hajayagusa.

Siku moja akatuita wote wawili uani, mie na Sesilia. Akakiweka juu ya kinu.

"Mama Editha," akasema, "sikio lililojikunja lilikuwa lipi? La kulia au la kushoto?"

Sesilia alifungua mdomo. Akainua mkono wa kulia, akagusa hewa, kana kwamba mtoto amesimama mbele yake, akaushusha. Akainua wa kushoto. Nilimwona anamtafuta. Yeye aliyekipaka mafuta kile cha kwanza miaka mitatu, kila Jumapili, kila kona.

"La kushoto," akasema. Halafu, "Hapana. Alikuwa analalia... Da Tunu, wewe ulikuwa unalivuta. Lilikuwa lipi?"

Wote wawili wakanigeukia. Nilikuwa nalivuta kila siku ya Mungu, namwambia nitalipiga pasi. Nikajaribu kwa vidole, mkono huu, mkono ule, kumbe vidole navyo havikumbuki. Nilifikiri kuwadanganya. Ningesema la kulia wangenishukuru. Lakini Sesilia alikuwa anatazama ule uso juu ya kinu, akasema polepole, bila kumlaumu mtu, "Hata uso huu siujui ni wa nani." Akaingia ndani.

Albano hakuchonga tena, wala hicho hakukimaliza. Nilimwomba anipe, akanipa. Kiko chumbani kwangu, karibu na mswala, na kama malaika wanaingia au hawaingii sijui, nimeacha kuuliza. Sesilia hajawahi kuja kukitazama. Anayekuja ni Adelina, ana miaka sita sasa, masikio yake yote mawili yamenyooka. Juzi alikishusha, akakigeuzageuza, akaniuliza, "Bibi, huyu nani?"

Nikamwambia si mtu, ni mti tu baba yako alikuwa anajaribia tezo. Akakirudisha, akachukua kitumbua, akaenda kucheza.