Mtani wa Chumba Namba Saba

Mimi nikifika Ouahigouya silali kwa jamaa. Ninao, tena wengi, na kila mmoja ana "karibu" mdomoni. Lakini ukilala kwa jamaa utafua, utapika, utasikiliza kesi za mawifi, na siku ya soko ukifungua mzigo utakuta vitambaa viwili vimeshapata mabega ya kuvaliwa. Kwa hiyo miaka kumi na sita nimelala kwenye hoteli ya mzee Tiraogo Belem, nyuma ya stendi: vyumba tisa vya matofali ya udongo, ua katikati, choo cha shimo kule pembeni, maji ya kuoga kwenye ndoo, na vyandarua vilivyofungwa mafundo kila mahali palipotoboka. Nauza vitambaa vya kufumwa. Nalala siku mbili, nauza, narudi kwangu mji mkuu, Wagadugu.

Mwanamke anayelala hotelini peke yake huku kwetu anatazamwa vibaya, na siku ya kwanza niliingia pale nimekunja uso, tayari kwa lolote. Aliyenipokea alikuwa Selestini Toé, mwanamume mrefu mwenye kofia ya sufu hata kwenye joto, redio begani. Hakujua kusoma. Alikigeuzageuza kitambulisho changu, kisha akaniuliza ukoo wangu. Nikamwambia.

"Mmossi," akasema. "Nilijua. Harufu ya punda iliingia kabla yako."

"Na wewe nani?"

"Toé. Wa Toma."

Msamo, kumbe. Nikashusha mzigo, nikapumua. Sisi Wamossi na Wasamo ni watani tangu mababu: wao hutuita watu wa punda, sisi huwaita wala mbwa, na kila upande huwaita wenzao watumwa wake. Msamo anaweza kumtukana mama yako mbele yako na wewe huruhusiwi kununa hata kidogo, na akikuomba kitu kwa utani ni aibu kumnyima.

"Mla mbwa," nikamwambia, "nionyeshe chumba kabla sijamwita mwenye mbwa aliyepotea."

Akacheka mpaka redio ikateleza begani. Tangu siku hiyo sikuogopa tena mle ndani. Kuna jioni mkaguzi mmoja wa kodi, mgeni wa chumba namba nne, alinisimamisha njiani nikitoka kuoga, akaanza maneno yake. Selestini akapaza sauti kutoka kwenye pipa la maji: "Bwana mkaguzi, huyo ni mtumwa wangu. Nilimnunua kwa kichwa cha mbwa na mkia wake. Ukimtaka, lete mbwa mzima, tena mnono." Ua mzima uliangua kicheko, madereva, wauza vitunguu, wote. Yule bwana akaingia chumbani kwake, na asubuhi aliondoka bila kunywa chai. Selestini hakulitaja tena jambo hilo, wala hakutaka ashukuriwe.

Hoteli ile aliijenga yeye. Sisemi kwa mafumbo. Alikuja kijana kutoka Toma kutafuta kibarua, Tiraogo akamwajiri kupiga matofali, na vyumba vyote tisa vilipita mikononi mwake. Ujenzi ulipokwisha, mzee akamwambia abaki afagie. Alifagia miaka ishirini na minane. Alichota maji, alifua mashuka, aliwagongea wageni wa basi la alfajiri, na mwenyewe alilala stoo, kati ya mifuko ya saruji iliyoganda na magodoro mabovu. Mke wake alifariki mapema huko kwao, hawakupata mtoto, naye hakuoa tena. Ukimuuliza kwa nini, atakwambia wanawake wa Kimossi wamemwomba sana lakini ananusa kwanza.

Namba saba ndicho chumba alichokijenga mwisho. Kiko mwisho wa ua, chini ya mwarobaini, kina madirisha pande mbili na upepo unapita. Nyuma ya mlango, kwenye saruji, kuna alama ya kiganja chake. Aliiweka siku alipokimaliza, saruji ikiwa mbichi. Mzee Tiraogo alikuwa akikaa barazani na birika lake la kutawadhia, akimchokoza kutwa.

"Mtumwa wewe, ukizeeka utakufa kwenye namba saba. Nimeshakupa. Nitakuchinjia na mbwa wa matanga."

"Utanitangulia wewe. Nami nitalala kaburini mwako mpaka nipewe changu."

Wageni wangapi wamecheka maneno hayo. Mimi mwenyewe nimeyacheka na ugali mdomoni.

Halafu mzee akaugua, tumbo. Nilimpelekea kokwa za kola za kutafuna, nikamkuta amelala ukumbini kwake, amepungua, mkewe ametoka kufuata uji. Akanishika kifundo cha mkono. "Talato," akasema, "namba saba ni ya Selestini. Nimeshamwambia mwanangu Rasmane. Na sasa hivi sitanii." Nikaitikia ndiyo, baba. Tulikuwa wawili tu. Hayo nayasema hapa kwa sababu mahali pa kuyasema palikuwa pengine, na pale sikuyasema.

Alikufa mwezi wa upepo wa vumbi, nami nilikuwa nimefika Ouahigouya. Walimzika uani kwake, kama wazee wetu wanavyozikwa. Wanaume walizunguka kaburi, sisi wanawake tukajipanga ukutani, na kutoka pale nilisikia kila neno. Maiti ililetwa, imamu akasogea, na kabla haijateremshwa Selestini akaruka kaburini na kofia yake, akajilaza chali, akakunja mikono kifuani.

"Nimemwahi," akasema. "Mmossi hawezi kupewa shimo zuri hivi. Mtafutieni jingine."

Watu waliokuwa wakilia wakaanza kucheka. Ndiyo kazi ya mtani msibani. Wakamtupia faranga, akazitupa juu. Wakamletea kuku, akauliza kama hapa nyumbani mbwa wameisha. Imamu alitazama jua mara mbili. Ndipo Rasmane, mtoto mkubwa wa marehemu, akachuchumaa ukingoni, macho mekundu.

"Mtumwa wa baba yangu, unataka nini utoke?"

"Namba saba. Alinipa mwenyewe."

Rasmane akaingiza mkono mfukoni, akachomoa fungu la funguo, akatoa mmoja, akamrushia kifuani. "Chukua. Ni chako mpaka ufe. Sasa toka, nimzike baba."

Tulicheka, wengine tukapiga makofi. Selestini akatoka akiwa na udongo mgongoni na ufunguo mkononi, na mzee akazikwa. Baadaye nilimwona amejibanza nyuma ya ghala la mtama, akilia peke yake, akijifuta kwa kofia.

Wiki ile ile alihamia namba saba. Kisha akaenda Toma, akawaita watoto wa mdogo wake, akawagawia kiwanja alichoachiwa na baba yake. Hapo ndipo angejenga kibanda chake cha uzeeni. "Jengeni nyie," aliwaambia. "Mimi nina kwangu." Alinisimulia mwenyewe nilipofika, akaninywesha maji ya uwele yenye tangawizi, amekaa mlangoni pake miguu ameinyoosha. Niliona mtu ameridhika. Nilimwambia chumba kitanuka mbwa, akanijibu ndiyo maana ananikaribisha, niifunike kwa harufu ya punda.

Alikaa miezi kumi.

Rasmane si mtu mkali. Afadhali angekuwa mkali. Ana sauti laini, simu inaning'inia shingoni, kila mtu kwake ni baba au mama. Alitaka hoteli ipate watu wa miradi, wale wanaokuja na magari meupe, wanaotaka choo cha ndani na feni. Na chumba cha kuanzia kilikuwa namba saba, kwa sababu ndicho chenye nafasi ya kuongezea choo nyuma. Akamwambia Selestini arudi stoo. "Baba yangu," akamwambia, "ule ulikuwa utani wa msibani. Mtani anaomba, mtani anapewa, watu wanacheka, basi. Nani aliwahi kupewa nyumba kaburini?"

Selestini akaenda kwa mkuu wa mtaa. Hakwenda kugombana, alikwenda kuuliza. Siku hiyo mimi nilikuwa nimefika kwa soko, na nikaitwa, kwa sababu nilikuwepo siku ya maziko na kwa sababu Selestini alinitaja. "Talato alikuwa anakwenda kumwona mzee," alisema. "Mwulizeni. Mzee hakuficha kitu kwa Talato."

Tulivua viatu, tukakaa mkekani. Rasmane alikaa upande wangu. Njiani alikuwa amenibebea mzigo wa vitambaa, na akaniambia kwa ile sauti yake, "Mama Talato, vitambaa vyako viendelee kukaa kwetu, sina neno. Nitakuwekea hata kabati." Ni kweli, baina ya soko na soko mizigo yangu ilikaa pale hotelini bila kulipa chochote. Kwa jamaa ingeliwa na panya, au na jamaa wenyewe. Hayo tu. Hakunitisha, hakunihonga, alinikumbusha tu ninapoweka mizigo.

Mkuu wa mtaa ni mzee wa kwetu, Mmossi kama mimi. Akaniuliza, "Binti yangu, Rasmane alipotoa ule ufunguo, alitoa kwa kweli au kwa utani?"

Selestini alinitazama. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Ndicho kinachonikaa kooni mpaka leo: alikaa vile kama mtu aliyeleta kitambulisho chake na kinajulikana.

"Mzee," nikasema, "sote tulicheka."

"Na marehemu? Aliwahi kukwambia lolote kuhusu chumba hicho, nje ya utani?"

Kulikuwa na mbuzi analia nje. Nilimsikiliza yule mbuzi. Nikasema, "Marehemu alikuwa mtu wa utani, mzee. Maneno yake mengi yalikuwa hivyo."

Sikusema uongo. Kila neno nililolitoa lilikuwa kweli, na nilijua ninachofanya, na nilifanya. Mkuu wa mtaa akaitikia kwa kichwa, akasema utani ni mali yetu sote, tukianza kuudai kama hati ya nyumba tutauharibu, hakuna atakayethubutu kumtania mwenziwe. Maneno mazuri kabisa. Wakamwambia Selestini stoo ni yake, hakuna anayemfukuza, na asikasirike, maana mtani hakasirikii mtani.

Hakukasirika. Angekasirikaje? Huo ndio mtego wenyewe, na sisi ndio tuliomwekea. Kwa miaka ishirini na minane kila alichoambiwa, cha kumjenga na cha kumdhalilisha, aliambiwa kwa kicheko. Kulala stoo kulikuwa utani. Kuitwa mtumwa ilhali anafanya kazi za mtumwa kulikuwa utani. Siku moja tu alipodai kilicho chake, tukamjibu kwamba hata hicho ni utani. Alisimama, akavaa viatu vyake taratibu, akatoa ufunguo mfukoni akauweka mkekani mbele ya mkuu wa mtaa. Halafu akanigeukia.

"Asante, mama," akasema. "Mungu akulipe."

Nilingoja aongeze punda, au harufu, au chochote. Hakuongeza.

Stoo hakurudi. Alichukua redio na kofia akaondoka.

Nilikaa miezi miwili bila kwenda Ouahigouya, nikajidai nina homa. Nilipokwenda, Rasmane alinipokea kwa mikono miwili, akanipa namba saba nilale, bila malipo. Kuna vigae mpaka kiunoni, feni, na choo cha kukaa. Niliangalia nyuma ya mlango. Kigae kimepigwa juu ya kiganja. Ningekataa chumba kile, ningeomba kingine, lakini nilikuwa nimechoka na safari, na nikalala humo. Kabati langu la vitambaa nalo lipo, lina kufuli.

Asubuhi niliazima pikipiki ya Rasmane nikaenda sokoni. Pale langoni, kwenye maegesho ya baiskeli na pikipiki, nikamwona. Ndiye anayezilinda. Amepewa kibanda cha bati, saizi ya kitanda, na humo ndimo anamolala. Alikuwa akiandika namba kwa chaki kwenye siti za baiskeli. Namba alikuwa amejifunza. Walikuwepo wauza karanga watatu na bibi mmoja mwenye sufuria ya maharage, wamekaa kivulini pake, na ilionekana amewachekesha sana kabla sijafika, maana walikuwa bado wanajifuta machozi.

Nikasimamisha pikipiki. Nikajipa nguvu, nikapaza sauti kama zamani:

"Mla mbwa! Umenenepa. Umemla wa nani safari hii?"

Wale wote wakanigeukia, wakatabasamu, wakamtazama yeye, wakingoja jibu. Kila mtu pale alijua kinachofuata. Kinachofuata ni mimi kutukanwa, nitukanwe vizuri, na soko zima lisikie.

Selestini akasimama. Akavua kofia. Sikuwahi kumwona kichwa wazi; kumbe nywele zote zimekuwa nyeupe.

"Umeamkaje, mama," akasema. "Safari ilikuwa salama? Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo," nikasema.

"Tunashukuru. Pikipiki yako nitaitazama."

Akaandika namba kwenye siti kwa chaki, akanipa kikaratasi changu kwa mikono miwili, kama anavyopewa mke wa afisa. Wauza karanga waliacha kutabasamu. Yule bibi wa maharage akaweka mwiko chini, akanitazama kuanzia miguuni mpaka usoni.

"Wewe si Mmossi?" akaniuliza.

"Ni Mmossi."

"Na huyu si Msamo?"

Nikakikunja kile kikaratasi mara mbili.

"Sasa umemfanya nini?"