Mguu Uliopona Kanisani

Wahamiaji wenzake wa mtaa wa Bertrams wanamjua Clémentine kwa mambo mawili: mikono yake myepesi ya kusuka, na mguu wake wa kulia ulioponywa. La kwanza ni kweli.

Kidonda kilimtoka unyayoni, kama kiwatokavyo wenye ugonjwa wa sukari, naye kazi yake ni ya kusimama saluni kutwa nzima. Mchungaji aliuombea mguu ule ibadani. Maumivu yakatulia, au furaha iliyafunika, nani ajuaye; Clémentine akavua viatu, akacheza mbele ya kanisa zima. Tangu hapo, wakija wageni, huitwa atoe ushuhuda wake na kuucheza tena. Kitenge kipya alipewa, kiti cha mbele alipewa. Kidonda nacho kikarudi kimyakimya, kikachimba. Angemwambia nani? Aliyepona kanisani akiugua tena huulizwa swali moja tu: umetenda dhambi gani? Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema afanye nini mtu ambaye maradhi yake yamekwisha kupigiwa makofi.

Basi kliniki ya mtaa ikaleta mashine ya kuwahoji wagonjwa, ikawekwa nyuma ya pazia, na Kiswahili inakijua. Clémentine aliketi mbele yake kwa mashaka. Mashine ikauliza: Una kidonda mguuni kisichopona? Haikuguna. Haikumtazama viatu. Haikusema “Mungu wangu, mama!” Akabonyeza Ndiyo, na machozi yakamtoka, maana hakuwa amekiri jambo hilo popote. Mashine ikamjibu: Asante. Muuguzi atakuita.

Hapo ndipo alipokosea, maskini. Alidhani siri imeishia kwenye kioo cha mashine.

Muuguzi, Sista Nomsa, hajui Kiswahili. Kliniki hutegemea wakalimani wanaojitolea, na mwenye zamu siku hiyo alikuwa Mama Shekinah, mke wa mchungaji yuleyule. Aliingia akitabasamu, akamkumbatia dada yake katika Bwana, akasikiliza aliyoambiwa na muuguzi.

“Sista anasema mashine inaonyesha uko na kidonda ku mguu. Anaomba utoe kiatu, aangalie.”

Clémentine alikitazama kiatu chake. Ndani mlikuwa na soksi mbili na pamba. Kukivua kungemwokolea mguu na kumwulia jina.

“Apana, mama. Nilikosea kubonyeza. Mi sijue hizi mashine.”

“Hata mi nilishangaa!” Mama Shekinah alicheka, akamgeukia muuguzi kwa Kiingereza chake cha haraka, akamweleza kuwa mguu huo uliponywa na kanisa zima lilishuhudia.

Sista Nomsa aliangalia foleni iliyojaa hadi mlangoni. “Eish, hizi mashine,” alisema kwa Kiingereza, akafuta jibu, akaweka jingine. Inatia hasira, lakini ndivyo ilivyokuwa: mashine iliyopokea ukweli ndiyo iliyolaumiwa, na binadamu aliyedanganya kwa macho makavu akaaminiwa.

Jumapili wakaja wageni kutoka Pretoria. Clémentine aliitwa, naye akacheza.

Mwezi uliofuata alirudi kliniki akichechemea, homa inampanda, amejipaka marashi mengi ili watu wasisikie harufu ya mguu. Aliketi nyuma ya pazia. Upande wa pili alimsikia Mama Shekinah akisalimia wagonjwa mmoja mmoja kwa majina. Mashine ikauliza kwa upole uleule: Una kidonda mguuni kisichopona?

Kidole kilisimama hewani. Aliipenda mashine hii kwa uchungu. Wengine wote walipomwuliza habari za mguu, walikuwa wameshamchagulia jibu. Lakini sasa alijua inakopeleka maneno.

Akabonyeza Hapana. Mashine ikamshukuru.