Mlio wa Tatu Darajani

Hajja Batul huitazama ile injini nyeusi ya makumbusho ya reli, pale Atbara, Sudan, kama anavyotazamwa shahidi aliyegoma kusema. Marehemu mumewe, fundi Bushra, au Usta kama walivyomwita, aliiendesha mpaka ilipoachishwa kazi. Watoto wa shule huipanda wakapigwa picha. Yeye huketi kivulini na chupa yake ya chai na swali lake lile lile.

Enzi za mvuke kila dereva alikuwa na mlio wake wa honi, na kila mke aliujua wa mumewe. Ukiusikia, unainjika sufuria. Bushra akifika darajani alipiga miwili mifupi: Batul, naja. Kisha, baada ya kunyamaza kidogo, ukafuata wa tatu, mrefu. Huo ndio uliomkosesha Batul usingizi. Majirani nao hawakumwacha apumue: "Miwili yako, mwenzetu. Huo mmoja wa mwanamke gani huko ng'ambo ya mto?"

Bushra akiulizwa, alicheka tu. Siku moja, kwa hasira ya Batul, mkate wa kisra na mchuzi wa bamia vikaishia kwa mbuzi. Mwanamume akala tende, akalala. Miaka mingi baadaye akafa hivyo hivyo, bila kusema, na mwanamke wa ng'ambo hajajulikana.

Juzi alitokea Kambal, aliyekuwa mchochea moto wa Bushra, amekuja kuiona injini yao. Batul alizikatiza salamu katikati, jambo ambalo Atbara ni utovu wa adabu.

"Kambal, sote tumeshakuwa vibogoyo. Sema tu. Yule mwanamke wa ng'ambo alikuwa nani?"

Kambal akakohoa. "Mama yangu."

"Usinifanye mtoto."

"Wallahi, Hajja. Nilimdanganya kwamba nimekuwa dereva, akatangaza kijiji kizima. Usta akanionea huruma, akawa ananiachia honi nimpigie mmoja. Na mchochea moto kugusa honi ilikuwa kufukuzwa, mimi na yeye."

"Na mimi mkewe nisiambiwe?"

"Alisema wewe ukijua, kabla chai haijapoa mkuu wa stesheni naye atakuwa anajua."

Batul aliujua ulimi wake. Akacheka mpaka mbavu zikamuuma, huku roho ikimchoma kwa ajili ya ule mchuzi. Halafu akamgeukia Kambal.

"Ngoja kwanza. Mama yako si alifariki mwaka wa mafuriko? Mbona mlio uliendelea?"

"Mimi niliacha. Usta akaushika mwenyewe. Nikamwambia, Usta, mama hayupo tena, acha basi upone ugomvi nyumbani." Kambal alikuwa akiitazama injini, si yeye. "Akaniambia, 'Batul ameshauzoea. Akisikia miwili tu, atajua si mimi. Atadhani nimefia njiani.'"

Hajja Batul akaufunika uso kwa mtandio wake, akalia. Ndivyo hasa ambavyo angedhani.