Nilipopunguza Ugali, Komoni Nayo Ikaondoka

Ugali niliokuwa nakula mimi ulikuwa unaonekana kutoka kijiji cha mbali cha Mpitimbi. Watu walidhani mlima Matogoro umehamia kwangu Mshangano. Na chai yangu, kijiko kilisimama chenyewe katikati ya kikombe kama askari wa gwaride.

Hayo yasingemhusu mtu, ila kanisani mie ndiye ninayetangulia kucheza matoleo. Akina mama tunajipanga, vikapu vya mahindi kichwani, tunacheza kutoka mlangoni mpaka altareni, na wa mbele ni mimi tangu nikiwa na meno yote. Sasa Jumapili moja nikasimama katikati ya njia. Pumzi imekata! Nilihema mpaka mishumaa ikazimika, padri akageuka kuangalia dirisha gani liko wazi.

Baada ya misa mwenyekiti wetu wa akina mama akaniita. "Mama, ukisimama tena sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia, utakaa benchi na wale bibi wa kupiga makofi."

Nyuma yake wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, anatabasamu mpaka masikioni. Nafasi ile anaililia tangu zamani.

Nikaenda zahanati. Nesi, binti mdogo, akanisalimia vizuri, akanipima presha. Akatazama kipimo. Akanitazama mimi. "Bibi, shikamoo tena," akasema. "Punguza ugali, sukari na chumvi. Mboga za majani ndiyo ziwe nyingi."

"Mjukuu wangu, ukiniondolea ugali nitakula nini, sahani?"

Lakini benchi nililiogopa kuliko njaa. Ugali ukawa kama ngumi ya mtoto. Pombe nesi hakuitaja, kwa hiyo jioni nikaenda kilabuni kama kawaida kunywa komoni, ile pombe yetu ya mahindi na ulezi. Wifi akanikuta na kopo mkononi.

"Wifi, si umeambiwa upunguze ugali?"

"Kwani huu ni ugali?"

"Sasa komoni imetengenezwa kwa kitu gani? Si unga ule ule! Umeacha kuutafuna, sasa unaunywa!"

Kilabu nzima ikacheka, mpaka kuku wa jirani. Alitaka kuniaibisha tu, maskini, hakujua ananitibu. Tangu siku ile kila nikiinua kopo naona mwiko umesimama ndani. Komoni ikanishinda.

Haya, mtu asiyeenda kilabuni jioni afanye nini? Nikawa natembea kwenda kutazama mahindi yangu shambani, ambayo hayakuwa na shida yoyote. Niliyatazama mpaka yakaanza kuona aibu. Nikirudi nimechoka, nalala mapema. Nikilala vizuri, asubuhi sihitaji tena ule ugoro wangu wa kunizindua. Hakuna aliyenikataza ugoro. Uliondoka wenyewe, kama mgeni aliyeona chakula kimepungua.

Sikukuu ikafika. Gauni langu la sare lilikuwa limeshonwa enzi za Matogoro: nikigeuka mimi, lenyewe linabaki linatazama watu. Wifi akanibana pini mgongoni huku ananong'ona, "Leo unaanguka, nakuruka napita."

"Nikianguka, pita."

Vigelegele vikalia. Nikacheza, nikafika pale nilipokwama siku ile, nikapapita nazunguka, mpaka altareni. Mishumaa yote inawaka! Ila nyuma yangu nasikia kitu kinahema kama lori linapanda mlima. Kutazama, wifi. Nikampunguzia mwendo kidogo. Kidogo tu, asizoee.

Baadaye likaja pilau. Msidhani nimekuwa malaika, nililimaliza na sahani nikaifuta kwa kidole. Wifi akafurahi. "Sasa twende tukashushie na komoni."

"Nenda wewe. Mie miguu inataka shamba."

Nikaondoka. Sijafika mbali nasikia kandambili nyuma, pa, pa, pa.

"Wifi, punguza mwendo basi! Kwani hayo mahindi yako yanakimbia?"